Moyo Upi?

Ndindi alikuwa amechoka kuambiwa ajipe moyo. Tangu aanze dawa ya saratani ya titi, mtaa mzima wa Makongeni ulimgawia moyo kama peremende. Asubuhi hiyo hata jirani yake Ruqiyo alimwitia mlangoni, "Mama Kimanzi, jipe moyo!"

"Ninao! Kampe asiye nao!"

Basi alipoketi kliniki kungoja dripu na muuguzi akamuuliza, "Shosho, moyo unaendeleaje?" alifura.

"Na wewe pia? Nimezika mume, nikalea watoto sita kwa kuuza sukumawiki. Moyo wangu ni jiwe!"

Hakusema kwamba siku hizi akienda chooni tu hutweta kama mbuzi anayeburutwa machinjioni Kiamaiko, wala kwamba usiku hulala ameketi. Kusema hivyo, aliona, ni kukiri woga.

"Mama, jamani!" Kamene, bintiye aliyemsindikiza, akashika kichwa.

Muuguzi akavuta kiti karibu. "Shosho, sikuulizi ushujaa. Nauliza ile nyama ya kifuani inayosukuma damu. Dawa hii huweza kuidhoofisha. Tukikuongezea dawa bila kujua hali yake, moyo utakuangusha kabla ya saratani."

Ndindi akamkazia macho. "Kumbe ni nyama?"

"Nyama tu."

"Si mngesema tangu mwanzo! Hiyo imechoka kabisa. Nikilala chali, pumzi hakuna."

Dripu haikutundikwa siku hiyo. Alipelekwa kupigwa picha ya moyo, akinung'unika njia nzima kwamba watu wamesoma miaka yote hiyo na bado hawajui kuuliza swali.