Ukuta Nilioujenga Nikipiga Magoti

Baba alikuwa na tanuru zima la tofali za kuchoma pale nyumbani Samuye, zimefunikwa nyasi misimu miwili, zikimngoja fundi. Fundi mwenyewe nilikuwa mimi, ila nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa nasoma uashi kwenye chuo cha ufundi Kahama, msichana pekee darasani. Aliposikia vyuo vyetu vitashindana Shinyanga mjini, akaniwekea sharti mbele ya Mama: nikiwa wa kwanza, nyumba najenga mimi, nikishindwa, anamwita fundi wa kijiji cha pili, ambaye kuta zake zote zimelewa.

Nilikubali papo hapo. Mimi nina hasira za karibu, na kuchekwa sikuwezi.

Kazi ilikuwa kujenga kona ya ukuta, kozi kumi za tofali kwenda juu, ndani ya muda wa saa tatu. Wageni waliruhusiwa kupita katikati yetu wakitazama, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza. Kwetu msichana hamsalimii mtu mzima akiwa wima. Anapiga magoti, na salamu haikatwi katikati. Mzee wa kwanza alipopita, magoti yalikwenda chini yenyewe, mwiko mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

Nikamweleza. Akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akauliza kama bibi yangu bado anatembea. Saruji ilikuwa inanikaukia kwenye karai.

Wakaja wengine, na kila mmoja nilimwendea chini. Mwalimu wangu, nyuma ya kamba, alikuwa ameshika kichwa. "Salimia kwa mdomo, mikono iendelee," akaninong'oneza. Nilijaribu mara moja, kwa mama mmoja wa makamo, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamfuata nikampigia magoti upya. Huo muda niliupoteza mara mbili.

Lakini magoti nayo yana faida yake. Nikiwa pale chini, jicho likiwa sawa na kozi ya nne, nikaona ukuta wangu umetoa kitambi upande wa kushoto. Wima nisingekiona. Nikabomoa kozi mbili, nikazipanga upya kwa kamba na pimamaji, huku nikijicheka.

Filimbi ilipolia nilikuwa nimefika kozi ya tisa. Kijana kutoka Geita alimaliza zote kumi, na ukuta wake, nisiseme uongo, ulikuwa mzuri. Yeye akawa wa kwanza, mimi wa pili. Nilipewa cheti na mwiko mpya, wenzangu wakanibeba juu juu, nami nikafurahi kwelikweli kwa muda wa dakika tano. Kisha nikamwona Baba. Kumbe alikuwa amekuja tangu asubuhi, akijificha nisimwone. Akaenda kwenye ukuta wangu, akaupitishia kiganja toka chini hadi juu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumzia pamba. Nikajua yameisha, maana sharti ni sharti, na usiku ule nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Asubuhi nilimkuta uani anaondoa nyasi juu ya tofali. Nikapiga magoti.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Akaitikia bila kugeuka.

"Fundi anakuja leo?" nikauliza.

"Ameshafika. Ila naona amepiga magoti badala ya kuchanganya udongo."

Sikuamini masikio yangu. "Baba, si ulisema lazima niwe wa kwanza?"

"Yule kijana nilimpita mara tatu," akasema. "Hata uso hakuinua kunisalimia. Kwa hesabu yangu mimi, wa pili ni yeye."

Akanirushia tofali la juu kabisa. Nililidaka nikiwa bado nimepiga magoti.