Koti la Mlaza Watu

Sijamsamehe, na sijioni nikielekea huko. Watu wa kanisani huniambia kwamba marehemu hasemwi vibaya, nami huwajibu kwamba sina hakika kama amekufa. Nikipata hakika nitafikiria. Aliyenikosea ni mtu mmoja aliyekuja Sumbawanga zamani za Mwingereza, akapanda mlima kutoka Kasanga na sanduku la bati, akajiita Profesa. Kazi yake ilikuwa kuwalaza watu usingizi kwa maneno matupu.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani, nikishona kwenye baraza ya duka moja pale Majengo. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu, mpole, asiyesema sana. Wazazi wangu walikuwa wamefariki, na mdogo wangu wa kike nilikuwa nikiishi naye mimi. Alikuwa ameposwa. Jembe la posa lilikuwa limekwisha kuletwa, nimeliegemeza nyuma ya mlango, na kitambaa cha gauni lake la harusi nilikuwa nimekwisha kukikata.

Profesa alifanya onyesho lake la kwanza Jumamosi alasiri, ndani ya ghala tupu la ulezi. Tulijazana. Alipoomba mtu mmoja aende mbele, kila mmoja akatazama miguu yake. Basi akanyoosha kidole kwa mdogo wangu aliyekaa safu ya pili. Kwetu Ufipa mgeni hakataliwi mbele ya watu. Ukitaka kumkatalia unamkatalia baadaye, nyumbani, kwa maneno ya kuzunguka. Mdogo wangu akainuka, akajifunga vizuri kanga yake, akaenda.

Yule bwana alimshikia kifungo cha shaba mbele ya uso, akawa anasema naye kwa sauti ya chini, taratibu, mpaka macho yakafumbika na kichwa kikainama. Kisha akamwambia, "Ukiamka utakuwa mzima. Lakini kila utakapomsikia mwanamume akikohoa, utapiga magoti na kumpigia makofi, kama unavyomwamkia baba mkwe." Akamwamsha. Akakohoa. Mdogo wangu akashuka magotini pale pale, akapiga makofi yale ya heshima, viganja vimekunjwa kidogo, macho chini. Ghala zima lilicheka. Nami nilicheka. Nalisema hilo mwenyewe kabla hajanisemea mtu mwingine.

Alipigiwa makofi mengi, akafunga sanduku lake, akaondoka bila kulitoa lile neno alilolitia.

Ulikuwa mwezi wa Juni. Anayeijua Sumbawanga anajua kwamba mwezi wa Juni mji mzima una kifua. Upepo ni wa baridi na vumbi linaingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Jumatatu mdogo wangu alipiga magoti kisimani mbele ya mwanamume aliyekuwa akinywesha punda. Jumanne alipiga magoti njiani mbele ya askari, na ndoo ya maji kichwani ikaanguka. Kufikia Alhamisi vijana wa sokoni walikuwa wakimfuata nyuma wakikohoa kwa makusudi, wakishikana mbavu. Yeye alikuwa akiinuka, anajipangusa magoti, anaendelea na safari yake bila kumtazama mtu.

Wiki iliyofuata mama wa mchumba alikuja kuchukua jembe lao. Aliongea kwa adabu sana. Alisema mwanawe hana neno, ni ukoo tu ndio umeona vigumu kuoa mwanamke anayempigia magoti kila mwanamume mwenye mafua. Mdogo wangu alimtolea jembe mwenyewe kutoka nyuma ya mlango, akampa kwa mikono miwili.

Nilikwenda boma kushtaki. Karani alinisikiliza, akakuna sikio kwa kalamu. "Ukisema huyo bwana ni mchawi, utafungwa wewe, maana serikali imekataza kuitana wachawi. Na ukisema si mchawi, basi kosa lake ni lipi? Dada yako amesalimia watu." Akaita mtu mwingine. Nilitoka pale, na tangu siku ile sijawahi kumshonea karani yeyote suruali kwa moyo safi.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumvunja mkono Profesa wakati alipoletwa barazani kwangu na miguu yake mwenyewe. Alitaka suti ya drili nyeupe. Angefanya onyesho kubwa uwanjani, Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, angekuwapo, na lile koti lake la zamani lilikuwa limeisha viwiko. Hakunijua. Pasi ya mkaa ilikuwa mkononi mwangu, imewaka. Niliiweka chini, nikachukua futi ya kupimia.

Mtu anayepimwa nguo husema. Anasimama kimya, mikono ameitandaza, huku mtu mwingine anamgusagusa kwa upole, na ulimi wake unalegea. Nilimwita Profesa kila baada ya maneno matatu, naye akanifundisha elimu yake yote bila kujua anamfundisha nani.

Alisema kila mtu ana akili mbili. Ya juu ni kama tarishi wa mlangoni kwa Bwana Shauri: inauliza umetoka wapi, unataka nini, kwa nini leo. Ya chini imekaa ndani, haitoki kamwe. Haibishi na haijui mzaha. Lolote lililompita tarishi hulipokea kama amri, na haisahau.

"Kazi yangu ni kumsinziza tarishi tu," alisema. "Wewe mwenyewe, fundi, unaposhona, nani anakanyaga pedali?"

"Mguu wangu."

"Unauambia mguu ukanyage?"

Nikakubali kwamba siuambii. Hilo lilinikaa, kwa sababu ni kweli. Nimeshona miaka mingi huku naongea na wateja, na mguu haujanisubiri hata siku moja.

"Sasa usifikirie ndimu," akasema. "Usiifikirie inavyokatwa, wala maji yake yanavyochuruzika." Mate yakanijaa mdomoni. Akacheka, akanigonga bega. Akasema ya chini haijui kuikataa picha. Ukiionyesha tu, imeshaichukua. Halafu unahitaji mambo mawili: kurudia, na ishara. Ishara yake yeye ilikuwa kikohozi.

Nilimuuliza, kama jirani anayeuliza habari za jirani, kuhusu yule msichana wa ghalani. Uso wake ulichangamka. "Umemwona? Hata sasa anapiga magoti? Kazi safi ile." Nilimwambia posa yake imevunjika. Akasema hapana shida, atalitoa neno hilo Jumamosi, uwanjani, mbele ya Bwana Shauri, watu waone kwamba anayefunga ndiye anayefungua. Maana neno kama hilo, alisema, hulitoa aliyelitia, au mtu mwingine ambaye akili ya chini inamwamini kuliko yeye. Niwaambie ndugu zake wamlete, akae mbele kabisa.

Nilimpelekea mdogo wangu habari. Kwa mara ya kwanza katika majuma matatu aliniangalia usoni. "Kaka," akasema, "nimalizie lile gauni. Nikiinuka pale nimepona, nataka watu wanione nimevaa lile."

Kwa hiyo juma lile nilishona nguo mbili kwenye cherehani moja. Na njia zilikuwa mbili pia, nilizijua vizuri. Ningengoja Jumamosi, amponye mdogo wangu, apigiwe makofi na Wazungu, aende zake na suti yangu mwilini na jina kubwa. Au nimlipe. Mtu mwenye akili angengoja. Lakini kila nilipofikiria yale makofi atakayopigiwa kwa kulitoa jiwe alilolitupa mwenyewe, nilisikia damu masikioni. Mkuki kwa nguruwe, nilijisemea, leo ataonja yeye.

Alikuja kujaribu koti mara tano. Koti lilikuwa bado limepigwa bandi tu, yaani limeshikizwa kwa nyuzi ndefu za kuvutwa, kwa hiyo ilimbidi asimame bila kutikisika. Kila mara nilianza mabegani, nikashuka mikononi, nikisema kwa sauti ile ile ya chini niliyoisikia ghalani. Nilipomwona anapumua polepole, nilifika kwenye kola. Niliigusa kwa vidole viwili, hapa mbele.

"Hapa nimekuachia nafasi, Profesa, lisije likakubana koo ukianza kusema. Watu wote watakuwa kimya wanakutazama. Sitaki koo likukauke na sauti ikwame. Koti halitabana hapa."

Mara tano. Mara ya nne nilipoigusa kola tu, kabla sijasema neno, alimeza mate. Usiku... la, hata sihitaji kusema nililalaje. Nililala vizuri.

Jumamosi ilifika. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti chake, mkewe na mwavuli, wakubwa wa mji pembeni, na sisi wengine tumesimama duara. Mdogo wangu alikaa mbele kwenye mkeka, na gauni lake. Lilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona. Nilisimama upande wa pili, mahali ambapo Profesa angeniona.

Alitoka akiwa mweupe kuanzia bega hadi kisigino. "Bwana Shauri, Mama, wazee wangu," akaanza, sauti tamu kama kawaida. Watu wakanyamaza wote. Akageuka upande wangu, akaniona, akatabasamu. Nikainua vidole viwili, nikagusa kola ya shati langu.

Akameza mate. Akaanza sentensi nyingine, ikakatika. Mkono wake ukaenda kooni, akafungua kifungo cha juu, akajaribu tena, kikatoka kitu kama sauti ya bawaba. Niliona macho yake yanakuja kwangu na kuelewa. Ile ndiyo dakika niliyoilipia, na nakiri kwamba hata leo ikinijia hunipa joto kifuani.

Halafu akakohoa, ili kusafisha koo.

Mdogo wangu akainuka kwenye mkeka, akapiga magoti mavumbini na gauni lake, akapiga makofi. Profesa akakohoa tena, maana sasa hakuweza kujizuia. Mdogo wangu, aliyekuwa ameanza kuinuka, akarudi chini. Bwana yule akakohoa, akakohoa, na kila kikohozi kilimshusha mdogo wangu mbele ya mji mzima. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Katika hesabu zangu zote, hilo sikuwa nimeliona. Nilimkimbilia, nikambeba hivyo hivyo, naye mikononi mwangu viganja bado vinagongana.

Bwana Shauri aliondoka kabla vumbi halijatulia. Profesa aliondoka kesho yake asubuhi kwa lori la Kasanga. Suti aliitupa kwenye baraza ya duka, na mwenye duka akaninyooshea koti lile mbele ya wateja, akaingiza vidole viwili kati ya kola na shingo yake mwenyewe. Viliingia bila taabu. "Kola haina kosa," alisema. "Hasira hasara, fundi." Akalikunja, akanipa.

Mdogo wangu hakusema nami kwa siku nyingi. Alipika, akaweka, akaondoka. Siku aliyosema alikuwa anapepeta ulezi, wala hakuinua kichwa.

"Ungemwacha aseme nami kwanza, kaka. Halafu ndiyo ungemfunga koo."

Nilikwenda Kasanga kumtafuta. Wachukuzi wa bandarini wakaniambia amepanda meli, wengine wakasema ameonekana Wampembe. Nilifika Wampembe, nikakuta wavuvi wasiomjua. Sijui ningefanya nini ningemkuta, ningempigia magoti au ningemzamisha ziwani.

Basi nikajaribu mwenyewe kulitoa. Nani mwingine akili yake ingemwamini kuliko mimi, ndugu yake wa tumbo moja? Nilimkalisha, nikamshikia kifungo, nikalegeza sauti. Hakuweza kufumba macho. Tulijaribu majira mazima. Mwishoni alinishika mkono, akaushusha.

"Nikuambie kitu? Siku ile ghalani sikulala. Niliona aibu kumkatalia mgeni, nikafumba macho. Mara ya kwanza nilipiga magoti kwa adabu tu, nisimharibie kazi yake. Ya pili ndiyo sijui, magoti yalitangulia." Akavikunja vidole vyangu juu ya kifungo. "Yule alikuwa na sauti ya mtu asiye na neno nami. Wewe kila ukiniambia tulia, nasikia unavyomchukia. Nani atafumba macho mbele ya mtu mwenye hasira?"

Nilimwambia sina hasira. Akacheka, na alikuwa na haki ya kucheka.

Hakuolewa. Tumezeeka naye katika nyumba ile ile. Kwa miaka mingi nilijilinda: nikisikia kifua kinawasha nilitoka nje, nikaenda hadi nyuma ya zizi, nikakohoa huko. Lakini vumbi la nguo halimwachi fundi. Sasa kifua changu hakinipi taarifa tena, na miguu haikimbii. Asubuhi kikohozi hunijia nikiwa bado kitandani. Nakohoa, namsikia huko jikoni akiweka chini alichoshika. Kisha magoti sakafuni, kisha makofi, ya polepole siku hizi, viganja vimekunjwa kidogo.