Maji ya Chemchemi na Tumbo la Tluway

Nikiwa bado mtoto, miaka ya tisini, tuliishi mlimani juu ya mji wa Karatu. Chini ya shamba letu la ngano kulikuwa na chemchemi, na Bibi, mama yake baba, alitukataza kabisa kunywa maji yake. Alisema ina wenyewe: ukinywa bila kuwaomba, pepo wanakuingia tumboni. Lakini ng'ombe walikunywa pale kila siku na hawakuingiwa na chochote. Sisi watoto tuliliona hilo.

Siku moja tukitoka kuchunga, mdogo wangu Tluway aliinama akanywa mpaka akashiba, akajifuta mdomo kwa shati, akacheka.

Hazikupita siku mbili mwili ukamchemka. Alijikunja akishika tumbo, akikimbilia chooni kila mara, na alichokitoa kilikuwa kidogo tu, chenye kamasi na damu. Majirani walikuja na rai moja: kondoo achinjwe chemchemini. Mama, ambaye hakukosa kanisani Jumapili hata moja, alikuwa analia.

"Mama, tuchinje?" mama akamwuliza Bibi.

Nilijua atakubali. Kumbe Bibi alimpakata Tluway, akamfinya ngozi ya tumbo taratibu. Ngozi haikurudi upesi, ilibaki na mkunjo. Akayatazama macho yake yaliyokuwa yameingia ndani.

"Umekojoa leo, baba?"

Tluway akatikisa kichwa kukataa.

"Mama Neema, mbebe umpeleke hospitali. Sasa hivi," Bibi akamwambia mama.

"Na pepo?"

"Pepo nitaongea nao mwenyewe, wananijua. Wewe wahi. Chukua na uji mwepesi, utie chumvi kidogo, umnyweshe kidogo kidogo njiani." Kisha akashusha sauti. "Wa kwangu wa kike nilikaa naye nyumbani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba aliwahi kuwa na dada.

Hospitali walisema ni kuhara damu, kwamba kuna vijidudu vinavyokaa kwenye maji machafu. Walimtundikia dripu, wakampa dawa. Alirudi amekonda shingo, akiulizia makande, na Bibi alimlisha kwa mkono wake kama mtoto mchanga, naye Tluway, mtoto wa kuchunga ng'ombe tayari, akakubali kulishwa.

Mama na Tluway walipokuwa hospitali, Bibi alikuwa amekwenda chemchemini na maziwa kwenye kibuyu. Alichowaambia hao wenyewe hatukuwahi kukijua.

Aliamini pepo mpaka anakufa, na mimi simcheki. Onyo lake lilikuwa la kweli, hata kama sababu aliyotupa haikuwa ile ya hospitali. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba siku ile hakungoja kujua nani yuko sahihi. Alimtanguliza mtoto, mengine akabaki nayo yeye. Nadhani alijifunza hivyo kwa yule binti yake aliyemzika. Hakuwahi kumtaja tena mbele yetu, nasi tuliogopa kumwuliza asije akalia. Mpaka leo sijui shangazi yangu huyo aliitwa nani.