Freni za Papa

Juzi gari lilifunga freni kwenye mteremko wa Ngungu, likalia kama mbuzi, nikageuka kabla sijajizuia.

Nilipokuwa mtoto, freni za Papa zililia hivyo kila aliporudi nyumbani. Wakati huu alikuwa ameshazikwa, na gari lake lililala nyuma ya jiko, majani yakiota ndani. Alasiri moja papa mudogo, mdogo wake Papa, alikuja kufungua freni za gari hilo na fuze, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele, ili avifunge kwenye gari lake bovu. Uani kulinuka grisi.

“Beba tu,” Mama alimwambia. “Mwenyewe haiko tena.”

Alipomaliza, akaenda kulijaribu gari lake. Baadaye nikasikia ule mlio mteremkoni. Leo najua freni humlilia yeyote anayezikanyaga. Siku hiyo nilijua Papa amerudi. Nilikimbia peku hadi barabarani.

Mama, mikono imejaa unga wa muhogo, alikuwa amenitangulia.