Mafiga ya Bibi Kwenye Kona ya Mto

Nilipokuwa mtoto, mto wetu ulinoba. Ndivyo Bibi alivyosema, na hakuna aliyempinga ila baba yangu. Huku kwetu mke akiudhiwa na mumewe, akafunga virago akarudi kwa wazazi wake, tunasema amenoba. Mto wenyewe haukuwa mkubwa. Ulipita bondeni chini ya kibanja chetu, huku Kiruruma, na ulipofika mbele ya shamba ulipiga kona moja ndefu, ya uvivu. Baba hakuipenda kona ile. Akaita majirani, wakaja na majembe, wakachimba mfereji ulionyooka kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho wake, wakayaelekeza maji humo. Kona ikakauka, nasi tukapata shamba jipya lenye udongo mweusi ajabu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri kwelikweli, na alishukuru mbele ya ushirika mzima kwa maharage tuliyovuna. Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kesho yake akashuka bondeni na mawe matatu, akayapanga kama mafiga kwenye ukingo wa juu wa ile kona iliyokauka.

"Mama, hayo mawe ni ya nini?" Baba alimuuliza.

"Mke akinoba, mafiga yake hayang'olewi," Bibi alijibu. "Akirudi atapikia wapi?"

"Mto haupiki, Mama."

"Haya. Tutaona."

Sisi watoto tulionywa vikali. Atakayeng'oa mafiga yale anamwambia mwenye nyumba asirudi, na mwanamke mwenye hasira akiambiwa asirudi, hurudi siku hiyohiyo. Niliyaogopa mawe yale kuliko nyoka. Kila nilipopita pale nilikaza macho mbele na kuharakisha mwendo.

Lakini woga wa mtoto nao una siku zake. Jumamosi moja ya masika Baba alikuwa amekwenda Bugene kwa baiskeli. Mimi na rafiki yangu Kokusima tulikuwa tunacheza kupikapika nyuma ya nyumba, na mafiga yetu ya udongo yalikuwa yamemomonyoka kwa mvua.

"Bondeni kuna mazuri," Kokusima alisema. Mjanja yule alinijua.

Basi tukayachukua, na nakiri yalikuwa mafiga matamu, sufuria ya kopo ilikaa juu yake bila kuyumba. Tulikuwa tunageuza maganda ya ndizi Bibi alipotokea kwenye mibuni. Alisimama, akayatazama mawe.

"Asimwe, haya mmeyatoa wapi?"

Angenipiga ningeshukuru. Badala yake alishusha sauti, na Bibi akishusha sauti hata mbwa alitoka uani.

"Yarudishe. Sasa hivi. Nisikuone hapa mpaka yote matatu yakae mahali pake."

Kokusima akakumbuka ghafla kwamba anaitwa kwao. Nikabaki peke yangu na mawe yangu, nikiyabeba moja moja kichwani, nashuka, napanda, nashuka tena huku nalia na kumlaani Kokusima. La kwanza nikaliweka. La pili nikaliweka. Nikiwa njiani na la tatu, nikasikia mngurumo.

Kwetu jua lilikuwa linawaka, ila vilima vya juu vilikuwa vyeusi tii, na mvua ya huko ilikuwa tayari imeingia mtoni. Nilitazama mfereji. Ulikuwa umejaa hadi pomoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ukuta wake wa upande wetu ulikuwa unameguka vipande vipande. Hapo nikamwona Bihogo.

Bihogo alikuwa ng'ombe wetu, na hatukuwa na mwingine. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea mdogo wangu, na samadi yake ndiyo iliyolisha migomba yote ya kibanja. Asubuhi ile Baba alikuwa amemfunga katikati ya kona ya zamani, pembeni ya maharage, kwa sababu majani ya hapo yalikuwa mazuri. Sasa maji yalikuwa yanamlamba kwato.

Nililitupa jiwe majanini nikakimbia. Fundo la kamba lilikuwa limelowa na kukaza, nikalivuta kwa kucha, nikaling'ata kwa meno, halisikii. Maji yakafika magotini. Nikakishika kigingi kwa mikono miwili, nakitikisa, huku namsemesha kama mtu: "Bihogo, mama yangu, vuta. Vuta twende." Naye akavuta. Kigingi kikang'oka, nikaanguka chali, na kwa kuwa sikuiachia kamba, alinikokota hadi juu kwenye mafiga, mimi na matope na kigingi mkononi.

Nilipogeuka, ukuta wa mfereji ulikuwa umekwisha. Na mto ulikuwa unarudi kwake. Uliingia kwenye kona yake ya zamani, ukaifuata mwanzo hadi mwisho, haukukosea hata mahali pamoja. Niliruka, nikapiga vigelegele. Ndiyo, nilishangilia maharage ya baba yangu yakizama, na mpaka leo sijui kuomba radhi kwa furaha ile. Sijawahi kuona kitu kikubwa kikirudi nyumbani namna ile.

Furaha iliisha jioni, Baba aliporudi. Nilimwambia, "Baba, ni mimi. Niling'oa mafiga."

Alimtazama Bihogo, akanitazama mimi. "Mto haujui mawe, Asimwe," alisema. Lakini asubuhi yake nilimwona bondeni, mzee wa kanisa mzima, akilitafuta lile jiwe la tatu majanini. Alilipata, akalipangusa, akaliweka na wenzake. Maji yalikuwa yameishia palepale, yamelilowesha figa la chini peke yake.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipomuuliza Bibi alijuaje kwamba mto ungerudi hadi pale. Alicheka. Alisema alipokuja kuolewa, mama mkwe wake alimshika mkono akampeleka pale, akamwonyesha maji ya masika huishia wapi. "Ningemwambia baba yako hivyo, angesema mambo ya zamani," aliniambia. "Nikaona bora nimwekee kitu cha kubishana nacho."

Baba hakuchimba tena mfereji. Tuliiacha kona, na kona ikajitibu yenyewe: kwanza matete, kisha mafunjo, kisha kambare, na mwaka mmoja korongo wawili wakaja wakakaa. Kisima cha chini, ambacho siku za mfereji kilikuwa kikikauka kila kiangazi, kikarudisha maji. Leo mimi ni katibu wa kamati ya vyanzo vya maji ya kijiji. Juzijuzi vijana wetu walitaka kuunyoosha mto tena, wapate shamba. Wakaja wataalamu na vipimo, wakasema mto uachwe ujipinde utakavyo, mikaratusi iondolewe, ukingoni kusilimwe. Wakapigilia vigingi kuonyesha mafuriko yanapofika. Kigingi kimoja walikipigilia hatua mbili tu kutoka kwenye mafiga ya Bibi, nami nikacheka peke yangu mpaka wakaniuliza kulikoni.

Bibi hayupo sasa. Baba magoti yamemchosha, anakaa kilimani kwa mdogo wangu, na bado ni mzee wa kanisa. Masika hii mvua ilipokolea, simu yangu iliita alfajiri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Uko bondeni?"

"Nipo."

"Figa la chini linasemaje?"

"Limelowa, Baba."

Nilimsikia akihema.

"Basi wapigie watu wa bondeni," alisema. "Wafungue ng'ombe."