Njaa Niliyoificha kwa Mama Inga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokataa samaki huku tumbo linanguruma. Usicheke. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mkaguzi wa minofu ya sangara hapa Mwanza, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na viwanda vikawa vinachipuka ufukweni. Kiwanda kilinichagua kwenda Norwei mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kujifunza ukaguzi kwenye mji mdogo wa wavuvi, ambako bahari imejipenyeza katikati ya milima. Kama ningeshindwa, angepelekwa mwingine, na mshahara wangu ndio uliokuwa unamlisha mama na wadogo zangu wanne pale Igogo.

Safari ya kwanza ilikuwa kiangazi chao. Watu wanakwenda kulala, jua bado liko dirishani. Nilipewa chumba kwa mjane mmoja, Mama Inga. Jioni ya kwanza aliweka mezani samaki na viazi, akaniuliza kwa Kiingereza kama nitakula. Mimi, mtoto niliyelelewa, nikajibu, "Hapana, asante, nimeshiba." Kwetu mgeni havamii chakula. Unakataa kwanza, mwenyeji anakulazimisha, ndipo unanawa. Basi mama wa watu akaondoa sahani! Kesho yake vivyo hivyo. Wiki tatu nilishindia chai na biskuti. Kwa njaa nikawa napitisha minofu yenye miiba kwenye meza ya ukaguzi, hadi msimamizi akaniambia nisipojirekebisha safari ijayo, basi.

Niliporudi nilimsema Mama Inga kila kona, hata sokoni Mkuyuni: mchoyo, moyo mkavu. Nikaapa nitahamia nyumba nyingine. Mama yangu alikuwa anakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulimwambia una njaa?"

"Hapana, mama. Ningemwambiaje?"

"Basi aliyekunyima ni wewe. Mficha uchi hazai. Utarudi kwa huyohuyo."

Safari ya pili ilikuwa katikati ya baridi. Nilifika saa nne asubuhi na bado ni giza, theluji imenifika magotini. Nilibisha mlango wa Mama Inga, nusu baridi, nusu aibu. Alipofungua, hata salamu nilisahau. Nikasema, "Mama, nina njaa. Hata kiangazi nilikuwa na njaa."

Aliketi palepale kwenye ngazi. "Nilidhani unakionea kinyaa chakula changu," akasema. "Nilitaka kuwaambia watu wa kiwanda wakutafutie kwingine."

Akalia kidogo, akacheka, akanivuta jikoni. Nilikunywa supu ya samaki mabakuli matatu. Mwanangu, nilisikia wepesi ambao siwezi kukueleza. Ukaguzi nikafaulu. Safari ya tatu, theluji ikiyeyuka na maji yakiporomoka milimani, hakuniuliza tena kama nitakula. Alinipa kisu, akaniuliza nitapika nini. Ndiyo maana wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Adabu ni nzuri, ila adabu ya kwenu si kila mtu anaijua. Usimhukumu mwenyeji kwa msimu mmoja, wala kwa sahani uliyoikataa mwenyewe. Ukiwa na shida, sema, tena sema mapema. Mungu akufungulie milango ya watu wema, akupe na kinywa cha kuwaambia kilichokuleta.

Haya, nenda ukanawe. Ulipoingia uliniambia umeshiba, na mimi sikukuamini.