Siti za Mbele Zilikuwa Viti Vyetu

Petroli ikimwagika kwenye vumbi jekundu huwa na harufu yake, na harufu hiyo hunipandisha hasira mpaka leo, mimi mtu mzima mwenye watoto. Wenzangu wakiisikia hawajali. Mimi nakunja uso, kwa sababu inanirudisha kwenye kiangazi kimoja tulipokuwa tunaishi nje kidogo ya Masumbwe, nikiwa darasa la tano. Barabara ya kwenda kwenye kinu cha pamba ilikuwa ndiyo kwanza imechongwa na greda, imenyooka, imelainika, na kila jioni vijana wa bodaboda walikuja kuvuta mafuta pale, yaani kushindana mbio, wawili wawili, kutoka kwenye kalavati mpaka geti la kinu. Pamba ilikuwa imeshauzwa, mpunga uko ndani, watu wana vijisenti na hawana kazi ya shamba. Vumbi lilituingia masikioni, kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa. Mama alilalamika kila siku, na kila siku alisimama mlangoni kutazama, maana mmoja wa waliokuwa wakilitimua vumbi hilo alikuwa kaka yangu Mabula.

Pikipiki aliyoendesha Mabula haikuwa yake. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, na kila jioni ilibidi apelekewe hesabu yake, fedha za siku nzima. Mvua inyeshe, abiria wasiwepo, homa impande, hesabu ni hesabu. Kaka alirudi nyumbani uso umejaa vumbi, akala, na mara nyingine alilala na viatu miguuni. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba kutakuwa na mashindano makubwa kwenye barabara ile, na mshindi atapewa pikipiki mpya iwe mali yake, nyumba yetu nzima ilihamia ndani ya ile pikipiki. Mama aliitafutia mahali pa kulala, akasogeza magunia ya mpunga ukutani. Baba, ambaye maneno kwake yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko, alianza kuulizia kofia ngumu nzuri inauzwa wapi. Mimi niliahidiwa kupelekwa shule nimekaa mbele, juu ya tangi, wenzangu wanione. Hatukuwa tunaota. Jioni baada ya jioni tulimwona akiwaacha wenzake mbali, na wao wenyewe walikiri.

Aliyeleta mashindano hayo alijiita Mratibu, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Alitokea Kahama na gari lake aina ya pikapu, miwani nyeusi, kipaza sauti kimefungwa juu ya paa, akazunguka siku nzima akitutangazia kwamba safari hii hatutasimama juani kama ng'ombe mnadani, kwamba kutakuwa na siti, watu watakaa kama wako mjini, viti vinakuja na lori. Baba alipokwenda kununua tiketi aliambiwa siti zimekwisha. Zilikuwa zimechukuliwa zote na wanunuzi wa dhahabu wa Kahama na Bugarama, watu ambao hawakuwahi hata kuiona barabara yetu. Sisi wenye barabara, wenye vumbi, wenye watoto watakaokimbia, tuliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba upande wa vyoo vya kinu, na hapo pia ni kwa tiketi. Baba alinunua vile vikaratasi vilivyogongwa muhuri na kuvileta nyumbani. Mama alisema kusimama hakumuui mtu, mradi amwone mwanawe akipita.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu viti vilikuwa vya kila mtu. Kila nyumba ilikuwa na vyake, vya mbao au vya plastiki, vimeandikwa jina chini ya kikalio kwa rangi, lakini kukiwa na msiba vilikuwa vya msiba. Vijana walipita asubuhi na mkokoteni, wakabisha hodi na kusema tumetumwa viti. Basi. Hukuuliza nani amekufa. Kuuliza mlangoni ilikuwa aibu, ni kama unataka kwanza ujue marehemu ana thamani gani ndipo utoe kiti. Ulitoa viti vyote, hata kile ulichokuwa umekalia, kisha ukajifunga kanga, ukapima unga, ukajitwisha kuni, ukafuata mkokoteni. Jina la marehemu ungelijua hukohuko.

Asubuhi ya mashindano vijana wawili wageni walifika kwetu na mkokoteni uliokwisha kujaa nusu. Walisema wametumwa viti. Mama alikuwa anapiga pasi gauni lake la kanisani, lile la kwenda kumwona Mabula. Aliweka pasi chini, akawapa viti vyetu vyote vya mbao, vile alivyovitengeneza Baba kwa mkono wake, kisha akalitazama gauni na kulirudisha sandukuni. Nikamuuliza kama hatuendi tena. Akasema mbio zitakimbiwa hata tusipokuwepo, mfu hawezi kungoja. Nililia kwa hasira, na si kwa ajili ya mfu.

Tulikuwa wanawake wengi na watoto, kuni vichwani, tukifuata alama za magurudumu vumbini, kila mmoja akikisia ni nyumba gani. Alama zilipokata kuelekea kinuni walidhani ni mlinzi wa kinu, mzee aliyekuwa akiugua. Mama mmoja aliyekuwa mbele alianza kulia, kama ilivyo desturi mtu anapokaribia, na wengine wakaitikia. Hivyo ndivyo tulivyopinda kona ya kinu, tunaomboleza kwa sauti, na kukutana uso kwa uso na muziki, bendera na safu za viti vyetu vimepangwa ndani ya kamba, vimekaliwa. Watu wa siti za mbele waligeuka. Wakatuona na kuni zetu na machozi yetu, wakacheka. Nimesikia vicheko vingi maishani lakini hicho sijakisahau, na sina mpango wa kukisahau.

Kwenye kiti cha Mama alikaa bwana mmoja mnene, na kwenye kiti cha Baba aliweka miguu. Mratibu alikuja mbio, akatuita mama zangu, mama zangu, akasema lori la viti limeharibika njiani. Mimi nasema hapakuwa na lori. Akasema viti vitarudi jioni bila mkwaruzo, na kwamba hakumdanganya mtu, kwani vijana wake hawakutamka neno msiba hata mara moja. Na ni kweli, hawakulitamka. Alijua hawana haja ya kulitamka. Kisha, mbele ya wanawake waliosimama na unga mikononi, akatwambia kwamba asiye na tiketi ya siti asogee nyuma ya kamba.

Bibi mmoja alisema tuwavue viti vyetu makalioni mwao, na wengine walishaanza kutua kuni. Lakini wote walimtazama Mama, kwa sababu ndiye aliyeongoza kikundi cha kuzikana cha mtaa wetu. Mama alitazama kalavati. Mabula alikuwa pale mstarini, kofia kichwani, pikipiki inanguruma chini yake, na ile mpya ya zawadi imefungwa juu ya pikapu, inang'aa. Nilijua anachofikiri. Nilimshika kanga kwa mikono yote miwili.

"Mama, acha," nilimwambia. "Waache wakae. Mabula anashinda leo."

Hakunifokea. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Ng'wanone," alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma kama alivyofanya nilipougua, "leo tukinyamaza, siku nikifa mimi watu watauliza kwanza."

Akapita chini ya kamba, akaenda katikati ya barabara, akakaa chini vumbini, miguu ameinyoosha, kanga ameivuta kichwani, kama anavyokaa mwanamke msibani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakakaa. Hakuna aliyetukana. Hata kulia waliacha.

Kwetu hakuna anayepita amepanda chombo mbele ya watu waliokaa msiba. Utashuka kwenye baiskeli, utavua kofia, utakokota mpaka uwapite. Mratibu alipiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba wanawake hao wana dakika moja tu, kisha watolewe na mbio zianze. Hakuna aliyewagusa. Mabula alikaa juu ya pikipiki muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kiangazi chote. Nilimwomba Mungu Mama ainuke. Nilimwomba Mungu Mabula apate upenyo pembeni, akimbie, ashinde. Kisha mngurumo ukakatika. Mabula alishuka, akavua kofia, akaikokota pikipiki ya watu taratibu mpaka walipokaa wanawake.

"Poleni," alisema, kama anavyosema mtu yeyote.

"Tumepoa," walimjibu, na Mama akiwa mmoja wao.

Wenzake nao wakazima na kukokota nyuma yake. Wenye siti walidai fedha zao, wakarusha viti, na Mratibu akaondoka na pikapu yake bila kuifungua kamba ya ile pikipiki. Jioni Baba alibeba viti vyetu nyumbani akavigonga misumari upya. Mabula hakusema na Mama mpaka mvua za kwanza. Mimi niliwachukia wote wawili, Mama kwa kukaa chini na Mabula kwa kushuka, na Mratibu nilimchukia kuliko wote. Mama na Mabula nimeshawasamehe.

Siku hizi mashindano ya namna hiyo yana majukwaa ya chuma na siti zenye namba. Tiketi unanunua kwa simu, na zikiisha zimeisha, hata kama wewe ndiye mama wa anayekimbia. Nimewahi kwenda Kahama, nikakaa siti ya mbele niliyoilipia, na sikuona raha yake. Mabula bado anapeleka hesabu, kwa tajiri mwingine. Na mtaani kwetu, licha ya Mama kukaa vumbini, watu walianza kuuliza. Mwanzoni kwa haya, baadaye kwa mazoea, na vijana wakasimamishwa mlangoni mpaka waeleze.

Baba alifariki mwaka jana. Mabula alikuwa hospitali akishughulikia mwili, vijana wa jirani wote wako machimboni, Mama hawezi kusimama. Nikachukua mkokoteni nikaenda mwenyewe. Nyumba ya kwanza nikasema nimekuja kuomba viti, na mama mwenye nyumba, ambaye siku ile alikaa barabarani ubavuni mwa Mama, akaniuliza nani amekufa. Nikasema Baba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Nyumba ya pili nikaulizwa, nikasema Baba. Ya tatu nikaulizwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wetu walikataza swali lile mlangoni. Nyumba ya nne sikuifikia. Niliketi juu ya mkokoteni nikampigia simu mwenye viti vya kukodisha. Yeye hakuniuliza nani amekufa. Aliuliza nataka vingapi, na avifuate lini.